Kilo Arobaini na Sita

Mwezi mzima wa Juni 2023 nililala na mizani kando ya mto. Si mizani ya dukani. Ni kile kidude cha mkononi chenye kulabu na kioo kidogo cha namba: unaning'iniza begi, unalinyanyua kwa mikono miwili huku mgongo ukilalamika, unasubiri kilie. Nilikinunua mtandaoni kwa yuan 19, na ndicho kitu cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya safari, kabla hata ya tiketi. Ndege inayopitia Addis Ababa iliniruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Kila usiku nilipima. Kilo 23 na nusu, natoa jozi ya raba. Kilo 22 na pointi nane, narudisha kiatu kimoja, najicheka, nakitoa tena. Mwenzangu wa chumbani, binti wa Kazakhstan, akaniuliza kama nahama. Nikamwambia naenda kusalimia tu.

Niliondoka Tanga Septemba 2019. Mpango ulikuwa mwaka mmoja wa kujifunza Kichina, kisha miaka minne ya uhandisi wa majengo, yote kwa Kichina, hapa Wuhan. Baba aliuza shamba dogo la Pongwe kulipia tiketi na vikorokoro vya kuanzia, na tukaagana kwamba likizo ya kwanza, kiangazi cha 2020, ningekuja kumwonyesha jinsi ninavyoandika jina lake kwa herufi za Kichina.

Wuhan, 2020, corona. Sina haja ya kueleza sana. Jiji lilifungwa tarehe 23 Januari, likafunguliwa 8 Aprili, siku 76, na geti la chuo chetu lilikaa limefungwa muda mrefu zaidi ya hapo. Tarehe 28 Machi China ikafunga mlango kwa wageni, hata wenye vibali halali vya ukaazi. Wenzetu waliokuwa wameshaondoka likizo mwanzoni mwa Januari tuliwaonea wivu kwa wiki kadhaa. Baadaye wao ndio waliotuonea wivu sisi, kwa zaidi ya miaka miwili. Rafiki yangu wa Mbeya alisoma kwa simu muda wote huo. Kipindi cha saa mbili asubuhi kwa saa za Wuhan ni saa tisa usiku kwao. Aliniambia alikuwa akijifunika shuka gubigubi ili asiwaamshe wadogo zake, na mwalimu akimwita jina anajibu kwa kunong'ona, mwalimu anadhani ni mgonjwa. Wanafunzi waliruhusiwa kurudi Agosti 2022. Karantini ikaondolewa 8 Januari 2023. Kabla ya tarehe hizo, ukitoka, hakuna aliyejua utaingia tena lini. Kwa hiyo sikutoka. Miaka mitatu na miezi kumi.

Sasa hapo katikati nilikuwa nakwenda nyumbani kwa simu, kila Jumapili, saa nne usiku kwangu, saa kumi na moja jioni kwao, mama akiwa ametoka kuswali alasiri na chai iko jikoni. WhatsApp haifunguki China bila VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, na VPN ina siku zake kama bahari. Kuna Jumapili ningepata sura ya mama ikiwa wazi mpaka naona punje za ufuta kwenye mkate, na kuna Jumapili ningepata sauti tu, tena inakatika kama redio ya mbao. Nilizoea. Nilifikiri kwamba kwa njia ile nilikuwa nayaona mambo yote ya nyumbani.

Na wao walifikiri wananiona mimi. Sebuleni kwetu kuna picha yangu, mama aliipeleka kusafishwa akaitilia fremu: nimesimama mbele ya Mnara wa Korongo wa Njano, mnara maarufu wa Wuhan, nimevaa koti jekundu refu, natabasamu. Koti lile ni la dada mmoja wa Ghana. Nililiazima kwa dakika kumi. Baridi ya Wuhan ina ubaya wake, maana mji uko upande ambao majengo hayana joto la mabomba kama Beijing, unaganda ndani kama nje, na mimi nilikuwa na sweta mbili za mtumba nilizotoka nazo Tanga, ambako sweta ni ya kwendea Lushoto. Lakini picha ile ndiyo iliyotumwa. Shangazi akaandika chini yake, "Mashallah, China imekupenda."

Nililoficha si koti peke yake. Kwenye kufungiwa 2020 nilimwambia mama tunaletewa kuku. Kuku alikuja, siwezi kusema hakuja, lakini kuna siku nyingi ilikuwa ni kabeji na wali, wali na kabeji, kwenye kopo la plastiki mlangoni, na mimi nikila huku nasikiliza king'ora cha gari la wagonjwa barabarani. Mwaka wa kwanza wa shahada nilifeli hesabu, ile ya juu, ambayo hata kwa Kiswahili nisingeiweza vizuri, sembuse kwa Kichina. Nikarudia mtihani. Baba alipouliza matokeo nikasema, "Alhamdulillah, yote nimepita." Ilikuwa kweli, miezi michache baadaye.

Nirudi kwenye mabegi.

Orodha ilianza kama mzaha kwenye kundi la ukoo. Mama aliandika kwamba Mungu akipenda Julai nitakuwa nyumbani, mniombee dua. VPN yangu ilikuwa imelala siku mbili. Nilipoiamsha, meseji sitini na tatu zikaingia kwa mkupuo. Dua zilikuwa za juu juu tu. Baba mdogo alitaka drili. Shangazi wa Muheza alitaka nywele, "zile za binadamu, si za plastiki," na vitenge vitatu. Binamu alitaka simu, mjomba alitaka kompyuta mpakato "hata ya kawaida tu," na mwalimu wangu wa madrasa, ambaye sikujua kama yumo kwenye kundi, alitaka saa ya ukutani inayoadhini. Jirani mmoja akaandika, "Mimi chochote." Mwenye kusema chochote ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu drili unaijua bei yake.

Siwalaumu. Neno lililoniponza lilikuwa "mshahara." Serikali ya China inanilipia ada, bweni na bima, na kila mwezi inanipa yuan 2,500, ndicho kiwango cha wa shahada ya kwanza, wa uzamili wanapata 3,000 na wa uzamivu 3,500. Pesa ya kula na matumizi. Vyuoni kwetu Tanzania tungeiita bumu, na kila mtu anajua bumu linaisha wiki ya pili. Lakini mwaka wa kwanza, kwa ushamba wangu, nilimwambia mjomba kwamba "wananilipa." Akapiga hesabu kwa shilingi, ikatoka kama laki nane na kitu. Mtaani kwetu Ngamiani kuna watu wazima wenye familia wasioziona fedha hizo. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu anayesoma huku analipwa mshahara, na mwenye mshahara haulizwi kama anaweza, anaulizwa lini.

Mgawanyo wenyewe ulikuwa hivi. Yuan 400 nyumbani kila mwezi, kuanzia masika ya 2021 mama aliponiambia mambo yamebana kidogo. Yuan 250 kwenye bahasha ya tiketi, kwa karibu miaka mitatu, sikuigusa hata nilipoumwa jino. Iliyobaki ni chakula, kifurushi cha simu, na vile vitu vya mwanamke ambavyo hakuna mfadhili anayeviandika kwenye mkataba. Nilikula sana kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou, ile yenye ubao wa kijani, kwa sababu wenyewe ni Waislamu na nyama yao sina wasiwasi nayo. Bakuli moja lilinitosha mchana na jioni nikila polepole. Jumamosi tulisonga ugali jiko la pamoja la ghorofa ya nne. Unga wa mahindi wa Kichina ni laini mno, unateleza kama uji uliokosa adabu, na mtu akikwambia ameuzoea ujue anakuficha jambo.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuniletea kazi ya kufundisha Kiingereza shule ya watoto, Jumamosi mbili kwa mwezi, masharti niseme natoka Afrika Kusini. Kibali changu ni cha kusoma. Ukikamatwa unafanya kazi bila ruhusa, faini ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kesi ikiwa nzito unalala ndani kwanza ndipo unarudishwa kwenu. Nilifika mpaka getini, nikaona watoto wanavyoimba, nikageuza. Si uaminifu. Ni hesabu tu: hata wakinishika mara moja, bahasha ya tiketi isingetosha faini.

Kwa hiyo orodha ile ya kundi nilipoijumlisha ilitoka yuan 9,400. Tiketi ya kwenda na kurudi nilikuwa nimeipata kwa 8,200.

Nilichofanya, na ninakisema kwa sababu kilinisaidia kuliko ushauri wowote, ni kumtumia orodha mdogo wangu wa kiume. Yeye anauza vifaa vya simu Tanga mjini, na kila baada ya wiki mbili anapanda basi kwenda Kariakoo kuchukua mzigo. Nikamwambia, "Niulizie bei huko." Akarudi na majibu na picha. Drili ileile, boksi lilelile la kijani, mpaka kosa la Kiingereza kwenye boksi ni lilelile, bei chini ya niliyoiona mimi rejareja Hanzheng, mtaa wa maduka hapa Wuhan. Ina maana gani? Ina maana mfanyabiashara wa Kariakoo analeta kontena zima na mimi naleta moja kwenye begi la kilo 23. Vitenge ndiyo kichekesho zaidi. Ni kweli vingi vinavyovaliwa kwetu vimechapwa China, lakini nenda ukavitafute Wuhan uone. Wachina hawavivai, havikai madukani, vinatoka kiwandani vinaingia melini moja kwa moja. Shangazi angenisubirisha maisha.

Simu ni somo la peke yake. Mwaka 2022 nilimpa mhitimu mmoja anayerudi ampelekee binamu simu nzuri ya hapahapa. Wiki haikupita: "Dada, umeniletea kopo." Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China huja bila huduma kamili za Google, hakuna Play Store, na orodha ya lugha mara nyingi ni fupi, Kichina na Kiingereza. Aliitumia kama tochi. Zile nyingine za bei ya kutupa, zenye jina kubwa na nembo iliyopinda, sizigusi. Tunakumbuka Juni 2016 simu feki zilipozimwa Tanzania nzima, watu wakabaki na vioo mkononi.

Basi nikaandika kwenye kundi. Niliandika mara tano nikifuta. Mwisho nikaweka hivi: "Wazee wangu shikamooni. Hela ninayopewa ni ya chakula, si mshahara. Nitamletea kila nyumba kitu kimoja kidogo. Drili na kompyuta Kariakoo ni rahisi zaidi, mdogo wangu atawaelekeza. Mnisamehe." Kimya cha saa nzima. Halafu shangazi: "Hata pini ya nywele mwanangu, tunachotaka ni kukuona." Mjomba hakuandika kitu mpaka leo. Mwalimu wa madrasa alituma kidole gumba. Saa yake niliinunua, gramu 600, kwa sababu alinifundisha alifu kwa kijiti na hakuwahi kunichapa.

Kuhusu pasipoti nitasema kwa kifupi, maana bado nikikumbuka tumbo linanguruma. Usinunue tiketi kabla ya kibali cha ukaazi. Changu kilikuwa kinaisha Agosti, ningekuwa Tanga kimeniishia na kurudi kungekuwa ombi jipya la viza. Kukiongeza ilibidi pasipoti ibaki polisi, kitengo cha uhamiaji, wiki mbili hadi tatu, nikapewa karatasi. Nilipeleka tarehe 12 Juni nikiwa na tiketi ya tarehe 6 Julai, nikaona nina muda wa kuchezea. Sikukumbuka Sikukuu ya Mashua za Joka, tarehe 22, ofisi zimefungwa. Nilipata pasipoti Jumatatu ya tarehe 3 Julai. Siku tatu. Nilikuwa nimepungua na begi limeongezeka.

Lakini kilichobadilisha mabegi si pasipoti.

Usiku wa Jumatano ya mwisho ya Juni, wiki ya sikukuu ya kuchinja kwetu, mdogo wangu alinipigia peke yake. Si kawaida yake. Hupenda kuchungulia kwenye simu ya mama. Nilifikiri ni habari ya orodha. Akazunguka, akaniuliza hali ya hewa, akaniuliza mizani, halafu akasema, "Dada, kuna jambo. Nakuambia ili usije ukashtuka uwanjani mbele za watu."

Baba alipata kiharusi Machi 2021. Upande wa kushoto. Alilazwa siku kumi na moja. Ulimi ulirudi baada ya mwezi, mguu umerudi nusu, mkono haujarudi.

Nikamwambia si kweli, nazungumza naye kila Jumapili. Akanyamaza. Na katika kile kimya, sijui nieleze vipi, zile Jumapili zote zikaanza kupita kichwani moja moja. Baba kwenye kiti kilekile cha mbao chenye mto wa kijani. Kila mara ameshakaa. Sikumbuki hata siku moja niliyomwona akija kukaa, au akiinuka. Picha inaanzia begani kulia, bega la kushoto liko nje. Mama ndiye anayeshika simu, na mkono wa mama, ambao kwa mambo mengine yote unatetemeka, hapo ulikuwa imara kama wa mpiga picha wa harusi. Na mlio. Baba ni fundi cherehani. Utoto wangu wote ulikuwa na mlio ule, ngrrr, kimya, ngrrr, mkasi, ngrrr. Ukipiga simu nyumbani lazima umwambie baba asimamishe kwanza. Miaka miwili na zaidi sikuwa nimeusikia. Nilidhani anapumzika kwa heshima ya simu yangu.

"Cherehani iko wapi?"

"Ameikodisha kwa fundi wa barabara ya pili."

"Na ile hela ninayotuma?"

"Ndiyo dawa ya presha, dada. Na mazoezi ya viungo pale hospitali. Ndiyo hiyohiyo."

Ile yuan 400. Kuna miezi niliituma huku nimenuna. Nilishawahi kumwambia binti wa Kazakhstan kwamba nyumbani wananiona benki.

Nilitaka kukasirika, na kwa siku mbili nilikasirika kweli, kwamba watu wazima wamekaa kikao wakaamua nisijue. Mama alikuwa ameniambia mafua. Wiki ile ya Machi nilikuwa naurudia mtihani wa hesabu, na yeye alijua nina mtihani, ingawa hakujua kwamba ni wa kurudia. Hapo ndipo hasira iliponiishia njiani. Ningemwambia nini? Mimi mwenye koti la kuazima ukutani kwake.

Mdogo wangu alinisihi nisiseme. Baba mwenyewe ndiye aliyekataza nisiambiwe, kwamba ningeacha masomo nikakimbia, na mlango wa China ungefungwa nyuma yangu. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalouma. Mwaka 2021 ningetoka, nisingerudi kwa zaidi ya mwaka, na ningekuwa mimi ndiye ninayejifunika shuka saa tisa usiku.

Jumapili iliyofuata nikapiga kama kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Mizigo imekwisha?"

"Inakwisha. Baba, wewe hujaandika kitu kwenye orodha. Nikuletee nini?"

"Njoo wewe tu."

Mama akadakia kutoka nyuma ya simu, "Usijaze mabegi! Utarudi na nini? Nimekukaushia dagaa, na muhogo, na unga wa Muheza uliosagwa hasa, kilo kumi. Begi moja uje nalo tupu." Miaka karibu minne hajaniona na alikuwa ameshaanza kufungasha safari yangu ya kurudi. Mimi nikawa natazama bega la kulia la baba, na mpaka wa picha pale lilipopaswa kuanza la kushoto.

Kesho yake, nikitoka kuchukua pasipoti, nikaingia duka la dawa karibu na geti la mashariki. Dirishani walikuwa na fimbo, zile za alumini zenye miguu minne chini, ambazo zinasimama zenyewe hata ukiziacha. Yuan 68. Muuzaji akaniuliza mgonjwa ana urefu gani, maana fimbo ina vitundu pembeni na kitufe cha kuirefusha na kuifupisha. Nikainua mkono kuonyesha kimo cha baba, mkono ukaishia hewani. Kimo cha 2019 nakijua: ananizidi kwa kipande cha paji la uso. Mtu akipooza anapinda? Anapungua? Nikasema nitairekebisha mwenyewe.

Ayi ndiye aliyenionyesha. Ayi kwa Kichina ni kama shangazi, au mama mdogo; ndivyo tunavyomwita mama mlinzi wa bweni letu, na mwaka 2020 alifungiwa pamoja nasi, akawa analala kwenye kile chumba cha mlangoni chenye kitanda kifupi kuliko miguu yake. Aliniona napita na fimbo akanisimamisha. Mama mkwe wake aliitumia. Simama wima, akasema, ning'iniza mkono, kishikio kifike hapa, kwenye mkunjo kiganja kinapoanzia. Na si mkono wa upande mbovu, usikosee. Kama mguu mbovu ni wa kushoto, fimbo inashikwa kulia, ndiyo inayosaidia. Akanitembeza nayo koridoni, kwenda na kurudi, akinikosoa hatua: fimbo, mguu mbovu, mguu mzima. Wasichana wa Pakistan wakafungua milango kutazama. Kisha akaingia chumbani kwake akaja na boksi la ufuta wa kwao Xiaogan, vipande vyembamba vya ufuta na sukari. Nikaonja kimoja. Kashata. Kashata tupu, ila imenyooshwa mpaka ukiishika dhidi ya taa unaona upande wa pili. "Za mama yako," akasema. Gramu 500. Nikatoa raba.

Nikaipiga picha ile fimbo nikamtumia mdogo wangu. Jibu lilikuja haraka kuliko siku zote.

"Dada, ukishuka na hiyo mkononi si umenitangaza?"

"Sasa anatumia nini?"

"Anashika ukuta. Na nje anamshika mama."

"Kwa hiyo?"

Akaandika, akafuta, akaandika. Mwisho: "Basi sema ulinunua ya babu wa jirani." Kwa jirani hakuna babu, na baba anajua.

Tarehe 5 nilipanda treni ya mwendo kasi kwenda Guangzhou kupandia ndege, safari ya saa nne na kitu, zaidi ya kilomita elfu moja, mabegi mawili kwenye kona ya mwisho wa behewa na fimbo kati ya magoti. Nilikuwa nimetimiza neno la mama nusunusu. Begi moja lilikuwa na kilo 22, vitu vidogo kumi na vinne kwa nyumba kumi na nne. La pili lilikuwa na kilo saba, vitabu vyangu na nguo, linanesa. Usiku nililala kwa dada mmoja wa Kitanzania karibu na Xiaobei, mtaa wa Waafrika wengi pale Guangzhou, tukala wali na samaki, akanipa onyo ambalo nalipitisha kama lilivyo: uwanjani usibebe mzigo wa mtu, hata akilia, hata akiwa Mtanga mwenzio.

Na kweli, kwenye foleni mama mmoja aliyejifunga kanga juu ya suruali, mabegi yamemzunguka kama kuku na vifaranga, akaliangalia begi langu linalonesa. "Mwanangu, mwanafunzi? Una kilo ngapi hapo?" Lafudhi ya pwani, sauti ya shangazi kabisa. Nikamwambia, "Nisamehe mama, zina mwenyewe." Akasonya kidogo, akaendelea na mwingine. Sijui alikuwa na nini ndani; huenda ni viatu vya watoto tu. Moyo uliniuma na bado nisingebeba.

Mbele nikaitwa pembeni kufungua begi: betri tatu za kuchajia simu nilizozifungia ndani, ambazo kwenye ndege hubebwa mkononi tu. Nikapiga magoti sakafuni kuzitafuta chini ya saa ya kuadhini, ikaanza kuadhini. Watu wakageuka. Askari akacheka, mimi nikacheka, machozi yakataka kutoka nikayarudisha.

Nilipofika kaunta yule binti akaiangalia fimbo, akaniangalia miguu, akaniuliza kwa Kiingereza cha upole kama nahitaji kiti cha magurudumu mpaka mlangoni mwa ndege. Nikamjibu kwa Kichina si yangu, ni ya baba.

"Baba yako yuko wapi?"

"Ananisubiri."

Akaandika kitu, akaifunga utepe wa karatasi wenye jina langu kwenye kishikio, akanirudishia. Ndani ya ndege niliilaza miguuni, ikawa inateleza kila ndege ikiinama, mpaka mhudumu akaichukua akaiweka juu, peke yake, kwenye kasha lenye makoti ya watu. Nikabaki napanga nitaishikaje nikitoka. Kulia, kama anavyopaswa kuishika yeye, au nyuma ya mgongo.